Bibi Harusi wa Kabati la Umeme

Siku Marudhachalam alipoivaa ile nguo kwa mara ya kwanza, wasichana wa idara ya kusokota walimpigia vigelegele. Nguo yenyewe, ya kumkinga fundi wa umeme na moto, ni ya kijivu, nzito kama godoro: koti refu, suruali, glavu zinazokaribia viwiko, na kofia inayomeza kichwa chote hadi mabegani, mbele ina kioo cha kijani. Mtu akiwa ndani yake haoni pembeni, kwa hiyo hutembea kichwa kimeinama, hatua fupi fupi, kama mwenye haya. Hapa kwetu Coimbatore, kusini mwa India, kuna mtu mmoja tu anayetembea hivyo mbele ya umati. "Bibi harusi huyooo!" akapaza sauti msichana mmoja, na jina likamganda hadi leo.

Tena lilimganda mtu asiyefanana nalo kabisa. Marudhan, kama tunavyomfupisha, ni mwanamume wa masharubu. Ameyasokota yakaelekea juu pande zote mbili, na kila asubuhi huyapaka mafuta ya nazi mbele ya kioo cha kantini yangu huku foleni ya chai ikimsubiri apishe. Ana mdomo, ana maringo, anaimba vibaya na anajua kuwa anaimba vibaya. Mtu wa namna hiyo kuitwa bibi harusi! Alinuna wiki nzima. Kisha akaona bora alizoee. Siku hizi ukimtania anakujibu, "Basi dhahabu zangu ziko wapi?"

Mimi ni Deivanai, mpishi wa kantini ya kiwanda hiki cha nyuzi. Habari za Marudhan nazijua kwa sababu aliyemfundisha ufundi wa umeme ni mume wangu, Kittusamy. Enzi hizo wote wawili walikuwa wajinga wa aina moja. Mafundi wa zamani walikuwa na sifa zao: kufungua kabati kubwa la umeme likiwa linawaka, bisibisi mdomoni, mkono mmoja mfukoni, huku wakipiga soga. Aliyeomba umeme uzimwe kwanza aliambiwa akashone blauzi. Mashine zikisimama nyuzi hukatika, na kuziunga upya ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo hata wakubwa waliwapenda mafundi wa aina hiyo.

Basi mchana mmoja Kittusamy alifungua kabati akaze nati. Ndani mlikuwa na mjusi, hawa wa ukutani wanaolia chik-chik, akashtushwa na mwanga akaruka kutoka chuma kimoja hadi kingine. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, wanadhani mume wangu alipigwa shoti. Hakupigwa shoti, hakugusa kitu. Umeme uliporuka kati ya vile vyuma uliwasha hewa yenyewe, ikawa radi iliyofungiwa sandukuni, na mlango ulikuwa wazi, na mlangoni alisimama yeye. Ni muda wa kupepesa jicho tu. Uso ulipona. Mikono, aliyokuwa ameinyoosha mbele, haikupona. Vidole vilishikana na havikunjiki. Kikombe cha chai namshikia mimi, na vifungo vya shati namfungia mimi.

Usinionee huruma, mume ninaye na kelele zake zote ninazo. Kalenda yetu ya nyota ina ukurasa mzima wa mijusi: akikuangukia begani maana yake hivi, akikuangukia mguuni maana yake vile. Kittusamy huwaambia wageni, "Nimeusoma wote. Hawakuandika akiangukia kabati la umeme mtu anapata nini. Nimewasaidia kulijaza pengo." Kisha anacheka mwenyewe. Mimi sicheki, mzaha huo nimeusikia mno.

Aliyemvuta kutoka motoni ni Marudhan. Masharubu yalibaki yaleyale, lakini kazini akawa mtu mwingine. Na bahati nzuri, kiwanda kiliposhikwa na Sabarish, mjukuu wa mwasisi, wateja wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kumbana kuhusu usalama. Kijana si mbaya. Alinunua ile nguo, akachora mstari wa njano sakafuni mbele ya kabati kuu, akamvalisha Marudhan funguo shingoni, na akatoa amri: mlango haufunguliwi mpaka umeme uzimwe, swichi ipigwe kufuli, na testa, kile kifaa cha kupimia umeme, ithibitishe kwamba ndani kumekufa kweli; na kabla ya hapo, anayefanya kazi mbele yake avae ile nguo. Nadhani Sabarish alitaka tu wateja waridhike. Marudhan aliipokea ile amri kama imeshuka kutoka mlima mtakatifu wa Marudhamalai.

Alitutia wazimu. Asubuhi moja birika langu kubwa la umeme lilikufa watu wamejipanga na vikombe.

"Marudhan, badilisha hiyo fyuzi upesi, watu wana kiu."

"Zima swichi ya nje kwanza, dada."

"Nimeizima."

"Umeizima, au unasema umeizima?"

"We mwanamume! Mimi ni mke wa mwalimu wako!"

"Ndiyo maana nakuuliza mara mbili."

Akachukua testa yake, akaipima kwenye soketi inayowaka ahakikishe haisemi uongo, akapima kisanduku changu, akarudi tena kwenye soketi kuona kama testa haikufa njiani. Wasokotaji walikuwa wakigonga vikombe mezani kwa mdundo wa ngoma ya harusi. Hakujali hata kidogo.

Mwaka jana ikafika sikukuu ya zana, Ayudha Puja. Kila mtu anaiheshimu zana inayomlisha: dereva lori lake, fundi cherehani mkasi wake, mimi sufuria na miko. Tunaviosha, tunavipaka liwa na unga mwekundu, tunavivisha maua, na vinapumzika. Lakini mwaka jana kupumzika kulikuwa nusu nusu. Kontena lilikuwa linasubiriwa bandarini Tuticorin, na Sabarish aliziacha mashine za upande mmoja ziendelee.

Na siku hiyo, baada ya miaka ya kuumwa magoti, akaja Bibi Alamelu.

Bibi Alamelu ni bibi yake Sabarish, mjane wa mwasisi. Alifika na sari ya hariri ya kijani, fimbo mkononi, kuhani nyuma yake, na shada la asumini lililofungwa kwa utepe wa dhahabu unaometameta, haya mashada ya kisasa ya sokoni. Akapita mashine zote akizipaka. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati kuu la umeme, akauvuka mstari wa njano kana kwamba ni unga uliomwagika, akamgeukia Marudhan.

"Haya, mwanangu. Nifungulie."

"Bibi, niruhusu kwanza nizime."

"Uzime?" Akanyoosha fimbo kuzionyesha zile taa tatu ndogo za mlangoni, nyekundu, njano na buluu. Tangu ujana wake huziita kwa majina ya miungu wa kike, Durga, Lakshmi na Saraswati. "Hawa binti zangu wako macho. Ukiwazima nampaka nani? Bati?"

"Wapake hapahapa nje, mlango ukiwa umefungwa. Sinia nitakushikia mimi mwenyewe."

"Mgeni wako unamlishia dirishani? Kittusamy alinifungulia kila mwaka, taa zikiwaka. Yeye hakuwa mwoga."

Mimi nilikuwa pale na sinia la dengu za sadaka. Nusura linidondoke. Marudhan alinitazama, kisha akamtazama yule mzee.

"Bibi, Kittusamy hawezi kufunga kifungo cha shati lake."

Kuhani akakohoa, akasema saa njema haimngoji mtu. Sabarish akamvuta Marudhan kando amnong'oneze, ila ndani ya kiwanda cha nyuzi mtu hunong'ona kwa kupiga kelele, kwa hiyo wote tulisikia.

"Kaka, ni dakika mbili tu! Nikizima hapa nyuzi zote zinakatika, kontena linaondoka bila sisi. Na huyo ni bibi yangu. Ataniambia nimeleta mkosi."

"Bosi, funguo hizi umenipa wewe."

"Basi nirudishie mimi."

Hapo nikaogopa, nasema wazi. Kurudisha funguo ni kurudisha kazi, na ukirudisha kazi unahama nyumba ya kiwanda, ile ambayo Poongodi, mke wa Marudhan, ndio kwanza ameipaka chokaa. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kulikuwa na fundi wa kandarasi amesimama karibu, bisibisi tayari mkononi, anatabasamu kwa namna ya wale wa zamani. Funguo zikitoka shingoni kwa Marudhan zinaingia mkononi mwake, mlango unafunguka, na mbele yake amesimama mwanamke mzee wa hariri na sahani ya moto wa kafuri, na watoto wa wafanyakazi wamejipenyeza mbele waone.

Marudhan akazishika funguo. Akasokota sharubu la kulia, kisha la kushoto. Mtu huyu hata akienda kunyongwa ataomba kioo.

"Sawa," akasema. "Mlango utafunguliwa, taa zikiwaka."

Nikamlaani moyoni.

"Ila amri ya bosi inasema anayesimama mbele ya mlango ulio wazi lazima avae nguo. Nguo tunayo moja. Na anayepaka ni Bibi. Basi Bibi avae, sisi wengine tukae uani."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Sabarish alitaka kufoka, lakini wa kumtishia Bibi Alamelu hajazaliwa. "Mnadhani naogopa kitambaa? Leteni!"

Basi sisi wanawake tukamvika. Marudhan, amegeuka ukutani kwa adabu, akaamuru dhahabu zote zivuliwe, bangili, mkufu, hata za puani, maana chuma na umeme ni wapenzi. Kuisindilia ile hariri ndani ya suruali kulikuwa kama kuingiza magodoro mawili kwenye foronya moja. Kofia ilipomkalia kichwani wasichana wakashindwa kujizuia, wakapiga vigelegele. "Bibi harusi mpya! Wa zamani ameachwa!"

"Inanuka masharubu humu ndani!" ilitoka sauti, kama ya mtu aliye kisimani. "Na kuna joto! Sinia liko wapi? Sioni sinia!"

Nikamsogezea sahani ya unga mwekundu. Akapeleka vidole achote. Lakini zile glavu ni nene, vidole vinakaa vimenyooka vimeshikana, kukunja hata kidogo ni taabu. Akajaribu kuchota, unga ukamwagika. Akajaribu kwa mkono wa pili, akaisukuma sahani, nikaidaka. Wasichana walikuwa bado wanacheka. Yeye akaacha kujaribu. Akaiinua mikono yote miwili mbele ya kile kioo, akaitazama, kisha kioo cha kijani kikageuka polepole kikanielekea mimi.

"Deivanai," sauti ikasema. "Mumeo anakulaje?"

"Namlisha mimi, Bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kicheko kikafa chenyewe.

"Nivueni," akasema. Kofia ilipotoka, nywele zake nyeupe zilikuwa zimelowa zikamganda usoni. Hakumtazama mjukuu wake. Akamtazama Marudhan. "Zima."

"Bibi, kontena…" alianza Sabarish.

"Kontena ni mungu wa nani? Zima, nimesema."

Kwanza akaziaga zile taa tatu kwa moto wa kafuri, mlango ukiwa umefungwa, akiwaomba radhi binti zake kwa usingizi wa ghafla. Kisha Marudhan akaivaa nguo iliyolowa jasho la mwanamke mzee, akazima. Sijawahi kusikia kiwanda kikinyamaza hivyo. Akatia kufuli, akaipima testa yake kwenye soketi ya jenereta, akapima kabati, akarudi kwenye soketi tena, na safari hii hakuna aliyegonga kikombe. Ndipo akamfungulia.

Bibi Alamelu alipaka kila alichokifikia. Vyuma vyote vilipata liwa, kila swichi ikapata kidoa chekundu, na lile shada la asumini akalizungusha humo ndani kwa baraka kabla Marudhan hajamsihi alitundike nje kwenye kitasa. Kisha Marudhan akapiga magoti na tochi. Akatoa ua moja moja, akafuta unga, akachungulia huku na kule, akafunga mlango, akaukaza.

Mila inataka umeme unaporudi, familia isimame mbele na nazi ivunjwe. Marudhan akatuambia wote tutoke uani.

"Umeshatoa kila kitu," fundi wa kandarasi akamcheka. "Sasa unaogopa nini tena?"

"Nilichokiona nimekitoa. Naogopa nisichokiona."

Yule fundi akataka kujibu, ila fimbo ya Bibi Alamelu ilikuwa imekwisha kumfikia mgongoni. "Tokeni! Bibi harusi anataka faragha!" Alitufukuza kama mbuzi, kuhani akiwa mbele, na mjukuu wake akiwa amebeba nazi.

Marudhan akabaki peke yake, amesimama pembeni mwa kabati, uso ameuelekeza kwingine, mkono ameunyoosha kwenye swichi.

Madirisha yaliwaka meupe. Kisha mlio, ule mlio ninaoujua, unaopiga kifuani kabla ya kufika masikioni. Kunguru wote wa mtaa waliruka. Sikumbuki kuliacha sinia, lakini dengu zilikutwa uani kote. Nilikimbilia mlangoni nikiita jina la mume wangu, si la Marudhan, na Sabarish alinishika kiunoni akanizuia. Moshi ulikuwa unatoka.

Ndani ya moshi tukamwona anakuja. Kichwa kimeinama, hatua fupi fupi. Upande wa kushoto wa nguo ulikuwa mweusi tii kama sehemu ya chini ya sufuria zangu. Akafika juani, akashindwa kuvua kofia, Sabarish akamvua. Alikuwa mwekundu, anatweta, na masharubu yake yamelala chini pande zote mbili kama mkia wa kuku aliyenyeshewa.

"Yapo?" akauliza.

"Yapo!" tukamjibu uani kote, wengine wanacheka, wengine wanalia, mimi nafanya yote mawili.

Mlango wa kabati ulikuwa umevimba kama mkate wa mafuta, lakini ulishika. Pembeni palipenya moto, hapo alipokuwa amesimama. Mtu aliyevaa shati la kawaida angeondoka na ngozi inaning'inia. Baadaye, palipokwisha kupoa na kuzimwa kwingine kote, yule fundi wa kandarasi aliyekuwa akicheka ndiye aliyekiona kilichosababisha: kwenye ufa wa nyuma, palipobaki masizi, kipande cha utepe wa dhahabu, kimekunjamana, hakizidi ukucha. Akampelekea Bibi Alamelu kiganjani. Bibi akalitazama shada lake pale kwenye kitasa, limebaki majivu na waya. Akamwendea Marudhan aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, akachota unga mwekundu uliobaki, kwa vidole vyake, akaipaka ile nguo kifuani palepale penye masizi, kama tunavyopaka zana. Sabarish akavunja nazi miguuni pake. Kontena liliondoka bila sisi, na habari ya funguo haijatajwa tena.

Nikampeleka Marudhan kantini. Nilimpa chai yenye sukari nyingi na bajia mbili. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, na ikaanza kumtetemeka, chai ikamwagika mezani, meza niliyoipiga msasa na kuipaka liwa kwa ajili ya sikukuu. Siku nyingine angenisikia hadi getini. Nikafuta, nikamjazia. Akamwaga tena. Nikafuta tena.

Jioni nikamsimulia Kittusamy. Mzee wa mizaha hakutia mzaha hata mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake juu ya magoti.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Umefungwa. Na yeye pembeni, nguo mwilini."

"Mikono?"

"Mizima. Inatetemeka tu. Kanimwagia chai meza nzima."

"Kaimwaga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara mbili."

Akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kumtoka alipokuwa amekwisha kuacha kucheka. Nikamfuta uso kwa ncha ya sari yangu. Halafu nikachukua kikombe chake, nikapuliza, nikamwinulia midomoni.